Umepitia kwa Nani?

Nilipokuwa mtoto Kisumu niliamini kwamba Mlima Homa ni wingu. Ukisimama ufuoni Dunga alfajiri, kabla upepo haujaamka na kabla wavuvi waliokesha hawajarudi, utaliona ng'ambo ya ghuba: kitu cha buluu kimelala juu ya maji, hakina miguu, na mvua ikikaribia kinatoweka. Mwalimu wetu wa jiografia alituchorea volkano ubaoni kwa chaki nyekundu, akatutajia Kilimanjaro, Longonot, Elgon na Menengai. Homa hakuutaja. Nikamaliza shule nikijua kwamba moto wa ardhini ni mambo ya watu wengine, na kwamba sisi wa ziwani fungu letu ni maji.

Kumbe tumeketi juu ya mkono wa Bonde la Ufa lenyewe. Bonde lile, katika safari yake ya kutoka kaskazini kwenda kusini, limenyoosha mkono mmoja kuelekea magharibi, na kiganja cha mkono huo ndicho Ghuba ya Winam. Pale ardhi ilipopasuka, moto ulipata mlango. Upande wa mashariki ulijenga Tinderet, juu ya nchi ya miwa ya Muhoroni. Kusini mwa ghuba ulijenga Homa na vilima vya Ruri. Na magharibi, pale ghuba inapofunguka na kuwa ziwa kuu, ulijenga Kisingiri, volkano iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita ikaliwa na mvua hata zikabaki mbavu zake. Mbavu hizo leo tunaziita milima ya Gwasi na visiwa vya Rusinga na Mfangano. Ziwa tunalojivunia ni kijana mbele ya wazee hawa; wanajiolojia wanalikadiria umri wa miaka laki nne hivi, ilhali jivu la Rusinga lina miaka milioni 18 na zaidi.

Hiyo ndiyo nchi niliyoikata kwa miguu, palipo hifadhi kwa gari, na palipo maji kwa mashua, siku tano za mwezi wa Agosti, shanta mgongoni, nikiwa na wenzangu wanne na kiongozi mmoja. Nataka kuandika hasa juu ya kiongozi. Lakini kwanza sharti niungame kosa la zamani.

Nilikuwa na miaka 21. Mimi na wanafunzi wenzangu watatu tulishuka kwenye matatu, tukaona kilele cha Homa, tukakata shauri kukipanda. Hatukumuuliza mtu. Ilipofika saa nane mchana maji yalikuwa yametuishia, na njia ya mbuzi tuliyoifuata ilikuwa imefia katikati ya kichaka cha miiba. Tukasikia mtu akikohoa. Alikuwa bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani. Alitutazama kitambo, asiseme neno, kisha akageuka na sisi tukamfuata hadi kwake, akatuchotea maji ya mtungi kwa kibuyu. Tulipokwisha kunywa alituuliza swali moja tu, kwa Dholuo: mmepitia kwa nani?

Hatukuwa na jibu. Bibi hakutukaripia. Alisema tu kwamba mtu haingii nyumba ya watu kwa dirisha.

Swali lile nimelibeba miaka yote hii. Nimelisikia nikiwa safarini Rwenzori, nimelisikia nilipopita chini ya Ol Doinyo Lengai kule Tanzania. Na lilinisukuma, nilipoamua kurudi Homa, nianze kwa kutafuta mtu wa kunipitisha.

Kiongozi wetu ni mzee wa miaka sitini na kitu, mzaliwa wa upande wa Kendu Bay. Amewahi kuvua, amewahi kufundisha watoto wa chekechea, na ujanani aliajiriwa misimu kadhaa kuchekecha udongo katika machimbo ya watafiti wa visukuku. Jina lake nalihifadhi, kwa kuwa hakuniomba nilitangaze. Sisi tulimwita Jaduong', kama anavyoitwa kila mzee anayestahili heshima katika nchi ile, naye akaniita Nyar Kisumu, binti wa Kisumu, hata pale nilipofanya jambo la kumuudhi.

Asubuhi ya kwanza alituamuru tufungue mashanta. Alipitia kila kitu: hema, mifuko ya kulalia, taa za kichwani, vyakula vya makopo. Alitoa nusu ya makopo, akayaacha kwa mwenye duka. Mahali pake akatia sukari na majani ya chai, kilo kwa kilo, katika kila shanta. Mwenzangu mmoja, kijana mwenye haraka, akauliza kwa nini tubebe sukari yote hiyo mlimani. Jaduong' akamjibu kwamba sukari si yetu, ni ya nyumba tutakazopitia.

Tukaanzia Simbi Nyaima.

Unapita mashamba ya mahindi na mtama, unapita nyua za minyaa, mbuzi wamefungwa kando ya njia, halafu ardhi inakatika mbele ya miguu yako. Chini kuna ziwa la mviringo, la kijani kizito, limetulia ndani ya kuta zake kama mchuzi ndani ya bakuli. Kulizunguka ni mwendo wa kilomita mbili hivi. Maji yake ni ya magadi, hayanyweki, ingawa Ziwa Victoria lenye maji matamu liko karibu kiasi cha kusikia injini za mashua. Heroe walikuwapo siku ile, pengine mia mbili, wameinamisha shingo wakichuja maji kwa midomo, na harufu ya magadi ikipanda pamoja na joto.

Mtoto yeyote aliyekulia Nyanza anaijua hadithi ya hapa, kwa kuwa jina lenyewe ndilo hadithi: kijiji kilichozama. Bibi kizee mgeni alifika usiku watu wakiwa kwenye sherehe. Akaomba kukaribishwa, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu akampokea. Bibi akamwambia achukue watu wake waondoke mara moja, na walipokwisha kuondoka mvua ikashuka, ardhi ikafunguka, na sherehe yote ikazama na ngoma zake.

Wataalamu wa miamba nao wana maelezo yao. Mawe yaliyoyeyuka yalipokuwa yakipanda kutoka chini yalikutana na maji yaliyomo ardhini. Maji yakageuka mvuke kwa kufumba na kufumbua, mvuke ukakosa nafasi, ukalipua kila kilichokuwa juu yake. Likabaki shimo. Maji yakaja kujaza shimo. Nimeyasoma maelezo hayo zaidi ya mara moja na sina shaka nayo.

Ila Jaduong' ana namna yake ya kuisimulia Simbi, na ndiyo iliyonishika. Katika simulizi yake bibi hakuomba chakula. Alikuwa ameloa, akaomba kuota moto. Wanakijiji walikuwa na moto mkubwa, wanacheza ngoma kuuzunguka, wakamnyima. Basi, akasema Jaduong' akielekeza fimbo yake kwenye maji ya kijani, moto ukaja wenyewe kutoka chini.

Nilikaa ukingoni nikilitafakari hilo mpaka wenzangu wakanisahau. Siku zote nimeichukua Simbi kuwa hadithi ya mwenyeji mbaya. Wageni tunaipenda kwa sababu iko upande wetu: ole wao wasiotukaribisha. Lakini Jaduong' aliniuliza, Nyar Kisumu, yule bibi alifanya nini kwanza, kabla ya kunyimwa? Nikasema aliomba. Akasema, kabla ya kuomba. Nikanyamaza. Alibisha hodi, akasema mzee. Alisimama langoni pa watu, akangoja. Mwenyeji alikosa wajibu wake baada ya mgeni kutimiza wake. Kama bibi angeingia kwa nguvu akajiketisha motoni, hakungekuwa na hadithi. Pangekuwa na ugomvi tu wa kawaida wa kijiji.

Siku ya pili tukaupanda Homa.

Kwa kipimo cha ramani huu si mlima wa kutisha. Kilele kiko mita 1,751 juu ya bahari, na ziwa liko kwenye 1,134 hivi, kwa hiyo unapanda mita mia sita na ushei. Mtu mwenye mapafu mazuri anaweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Sisi tulikwenda siku nzima, tukalala juu, na sababu ni kwamba Jaduong' hakupita lango hata moja bila kusimama.

Sisemi kwa kutia chumvi. Njia ya Homa inapita kwa watu. Unatoka boma hili unaingia shamba la lile, unapita chini ya mti wa siala ambapo mtu amefunga ndama wake, unavuka uwanja uliofagiliwa. Kila mahali mzee alisimama nje, akatoa salamu, akauliza habari za aliyekuwa mgonjwa, akapewa habari za aliyekufa. Kisha akatutambulisha mmoja mmoja, baba zetu na tunakotoka. Sukari ikatoka kwenye shanta. Yule kijana mwenye haraka alikuwa akitazama saa yake kila mara. Kufikia boma la nne alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha mbao, bakuli la uji mkononi, akiulizwa na mama mmoja kwa nini hajaoa. Hakutazama saa tena.

Nami nilimweleza Jaduong' kuhusu bibi wa kuni, mtungi na kibuyu. Aliniuliza mawili matatu: tulitokea upande gani, kulikuwa na mwamba gani karibu, nyumba ilielekea wapi. Akakata kushoto. Baada ya nusu saa tukafika. Bibi alifariki zamani, kaburi lake liko upande wa kulia wa nyumba, limeota majani mafupi. Mkaza mwanawe alitupokea. Nikampa sukari na majani ya chai, nikamwambia kwamba mama yule alininywesha maji nikiwa mjinga. Akacheka, akasema mama alikuwa akiwanywesha wengi.

Juu zaidi nyumba zinapungua na miamba inaanza. Hapo nilitaraji kuona mawe meusi, maana volkano kichwani mwangu ni nyeusi. Mengi ya Homa ni ya kijivu kinachoelekea weupe. Volkano hii ni ya jinsi adimu: ilitema mawe ya jamii ya chokaa yakiwa yameyeyuka, kitu ambacho wataalamu wanakiita kabonataiti. Duniani leo ni volkano moja tu hai inayotema mawe ya namna hiyo, nayo ni ndugu yake wa Tanzania, Ol Doinyo Lengai, ambayo uji wake hutoka mweusi, mwepesi kama mafuta ya injini, halafu ukishapoa na kunyeshewa unageuka mweupe. Aliyepata kuuona Lengai kwa mbali, kilele chake kimepakwa weupe usio wa theluji, ameuona Homa ulivyokuwa ujanani. Na uzee wa Homa haujawa baridi kabisa. Miguuni pake, huko Abundu, maji yanatoka ardhini yakiwa moto hadi leo.

Kwenye kilele upepo hauzungumziki. Kaskazini tuliona Uyoma na Asembo, na kaskazini mashariki, ukikaza macho, ukungu wa Kisumu. Magharibi visiwa vilikuwa vimepangana, kimoja nyuma ya kingine, rangi ikififia. Chini yetu ghuba ilikuwa na mabaka ya kijani, magugumaji yakisafiri na upepo. Niliwaza jinsi nilivyokuwa nikiutazama mlima huu kutoka Dunga. Sikujua kwamba kwenye lile wingu kulikuwa na akina mama wanaopika uji.

Hapo nikafikiri juu ya neno pori. Vipeperushi vya safari hupenda kutuahidi pori lisiloguswa, mahali ambapo mtu anaweza kuwa wa kwanza kukanyaga. Neno hilo limetutia hasara kubwa. Pale tulipopiga hema, Jaduong' alitaja jina la mwamba ulioko nyuma yetu, jina la korongo lililo kushoto, na jina la ukoo uliokimbilia hapo wakati wa njaa, na akataja pia mahali ambapo hatukutakiwa kukojoa. Hakuna kitu chochote ndani ya upeo wa macho yangu ambacho hakikuwa na jina. Nilichokuwa nikikiita upweke kilikuwa ujinga wangu wa majina.

Wapo waliolipia ujinga huo kwa fedheha. Kwenye mbavu za Homa, huko Kanam na Kanjera, ndiko mtafiti wa visukuku Louis Leakey alikochimba mwaka 1932, akapata kipande cha taya na vipande vya mafuvu, akarudi Uingereza kutangaza kwamba amepata binadamu wa kale kuliko wote. Mahali alipovipata alipawekea alama kwa vigingi vya chuma. Mwaka 1935 mjiolojia Percy Boswell akasafiri kutoka London kuja kujionea. Leakey akampeleka, asivione vigingi. Wenyeji walikuwa wamevichukua. Chuma kilikuwa adimu, na wavuvi wana kazi nyingi za chuma. Boswell akarudi, akaandika katika jarida la Nature kwamba mahali penyewe hapajulikani, na jina la Leakey likachafuka miaka mingi.

Kisa hiki husimuliwa kama bahati mbaya ya mwanasayansi. Jaduong' alitusimulia tukiwa tumesimama juu ya udongo wenyewe mwekundu wa Kanjera, siku ya tatu asubuhi, na katika mdomo wake kilikuwa kisa kingine. Alisema, mtu akipigilia chuma shambani kwako bila kukwambia ni cha nini, utakiacha kioze? Angeeleza tu, wazee wangekilinda kama kigingi cha mpaka. Naamini hivyo. Mjaluo hang'oi mpaka. Kama kuna kitu kilichokosekana Kanjera ni mazungumzo ya jioni moja, na kwa kukosa jioni hiyo elimu ya dunia nzima iliingia gizani.

Leo mambo ni afadhali, na ni haki niseme hivyo. Nyayanga, ufuoni mwa rasi hii hii ya Homa, watafiti wamechimba pamoja na wenyeji na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na Februari 2023 wakatangaza zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, zikiwa pamoja na mifupa ya viboko waliochinjwa na meno ya Paranthropus, binamu wa binadamu aliyekwisha kutoweka. Ni miongoni mwa zana za kale zaidi za aina yake zilizopata kuonekana. Ufukwe ambapo leo omena huanikwa juu ya nyavu, kiumbe fulani alichuchumaa akagonga jiwe kwa jiwe, akakata nyama ya kiboko. Hakuna pori hapo. Ni jiko la zamani sana.

Hifadhi ya Ruma nitaipita upesi, kwa kuwa nasi tuliipita upesi, ndani ya gari, kwani ndani ya hifadhi hairuhusiwi kutembea ovyo. Ni bonde zuri la nyasi chini ya genge la Kanyamwa, na ndimo mnamobaki korongo wa mwisho wa Kenya, yule swala mkubwa mwenye uso uliopakwa rangi nyeusi na nyeupe. Hifadhi ina kilomita za mraba 120. Lakini hata ule utupu wake una sababu ya kibinadamu: mbung'o walijaa bonde hili la Lambwe, malale yakaua watu na ng'ombe, waliopona wakahama, wanyama wakabaki na nyasi. Ukiliona bonde lisilo na moshi wa jikoni, uliza nani alihama na kwa nini.

Tulipofika Mbita nikashuhudia jambo ambalo sikulitarajia. Tuta la mawe lililounganisha Rusinga na nchi kavu zamani limepisha daraja, na maji sasa yanapita chini yake. Kabla ya kuvuka Jaduong' alisimama, akavua kofia yake, akaikunja, akaitia mfukoni. Upande ule alikuwa akitungoja msichana wa miaka ishirini na mitano hivi, Msuba wa Mfangano, amevaa kandambili na kubeba mtungi wa maji wa lita tano. Mzee akamsalimia, akamwita nyara, binti yangu, kisha akatugeukia: huku si kwangu. Huku mtapitia kwa huyu.

Kuanzia hapo alitembea nyuma kabisa. Mzee aliyejua jina la kila jiwe la Homa akawa mgeni kama sisi, akauliza kama sisi, akangoja langoni kama sisi. Sijapata kuona elimu ikivaliwa kwa adabu namna ile.

Rusinga ni jivu. Kisingiri ilipokuwa hai ilikuwa ikitema jivu juu ya misitu iliyoizunguka, na jivu lile likafunika vitu kwa upole wa ajabu: majani, matunda, wadudu, nyoka, na nyani. Tarehe 2 Oktoba 1948 Mary Leakey, mkewe Louis, aliona jino kwenye mteremko kisiwani hapa. Nyuma ya jino kulikuwa na taya, na nyuma ya taya uso. Hilo lilikuwa fuvu la kiumbe wa jamii ya sokwe wa kale, aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Mary mwenyewe alilipeleka Uingereza kwa ndege, na magazeti ya huko yakampokea.

Kiumbe huyo wakati huo aliitwa Proconsul. Jina lilikuwa limekwisha kutolewa mwaka 1933 na Arthur Hopwood, kwa mifupa iliyopatikana Koru, kwetu Kisumu kwenyewe, kwenye miguu ya Tinderet. Maana yake: aliyemtangulia Consul. Na Consul ni nani? Ni jina la sokwe aliyekuwa akichezeshwa mbele ya watazamaji huko Ulaya. Yaani mnyama wa Koru, mkongwe kuliko ziwa, alipewa jina lake kwa kurejelea mchezo wa jukwaani wa mji wa mbali.

Dada yetu wa Mfangano alituketisha chini ya mti mteremkoni akatupa habari ambayo mimi, pamoja na kusoma kwangu kote, sikuwa nayo. Mwaka 1993 mmoja wa viumbe hawa wa Rusinga alipewa jina la pili la heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkenya aliyechimba na akina Leakey miaka mingi na macho yake yakaona mengi kabla ya wao kuyaona. Na mwaka 2015 wataalamu walipobaini kwamba wa Rusinga na Mfangano si wa jenasi moja na yule wa Koru, wakawapa jina jipya la jenasi. Wakachagua ekembo, neno la Kisuba kwa wanyama wa jamii ya nyani na sokwe. Kwa hiyo fuvu lile la 1948 leo linaitwa Ekembo heseloni.

Alilitamka neno taratibu, mara mbili. Kisha akasema kwamba bibi yake hulitumia neno hilo bila kujua kwamba limo vitabuni, na kwamba yeye mwenyewe Kisuba anakisikia lakini ulimi unamrudisha kwenye Dholuo. Ndivyo ilivyo kwa wengi wa kizazi chake. Kisuba ni lugha ya Kibantu, ndugu wa lugha za ng'ambo ya ziwa, na imezungukwa na Dholuo kila upande, ndoani, sokoni na shuleni, hata wasemaji wake wamebaki hasa Mfangano. Miaka 67 ilipita kati ya fuvu kuonekana na fuvu kuitwa kwa lugha ya mahali lilipolala. Na sasa jina limepatikana, wenye lugha wanapungua.

Mfangano tulifika kwa mashua ya injini, ziwa limechafuka, jaketi za kuokolea zimefungwa hadi shingoni. Siku ya tano dada yetu alituchukua hadi pango la Mawanga. Ukutani kuna miviringo, mmoja ndani ya mwingine, ya rangi nyekundu na nyeupe, kazi ya mikono ya wawindaji wa kale wanaokumbukwa kwa jina la Watwa, waliokuwapo kabla ya Wasuba kuja na mashua zao. Wasuba walipokuja hawakuifuta. Waliiheshimu, wakaja hapa kuombea mvua. Nilipomwuliza kama miviringo ile ni jua, au mwezi, au mdomo wa volkano, alisema wenye jibu walikwenda, na kwamba bibi yake alimkataza kubuni.

Kabla ya kuingia pangoni alikuwa ametusimamisha nje. Akabisha hodi kwa Kisuba, maneno machache, moja ya sala chache anazozijua zote hadi mwisho. Tukangoja. Mbayuwayu wawili wakatoka. Jaduong', nyuma ya mstari, alikuwa ameinamisha kichwa kisicho na kofia.

Nimeandika haya kwa sababu kila mwaka wanaoipanda milima hii wanazidi, na njia zinazidi kuonekana kwenye simu, na vijana wengi wa Kisumu wananiambia kwamba siku hizi kiongozi ni gharama isiyo ya lazima. Njia itaonyeshwa na simu, sikatai. Nawasihi hata hivyo. Shukeni Kendu Bay, ulizeni mzee au mama wa pale awapitishe Homa. Fikeni Mbita, ulizeni Msuba awapitishe visiwani. Mlipeni bei anayoitaja, msimpunguzie, kwa kuwa anachokibeba hakijaandikwa popote na hakina mrithi wa hakika. Na kaunti zinazochapisha picha za Simbi na Rusinga kwenye mabango ziwahesabu watu hawa kuwa walimu, ziwalipe kama walimu, na zirekodi Kisuba cha akina bibi wangali hai.

Anzeni kupanda saa kumi na moja alfajiri, kwa maana njia ya Homa haina kivuli. Na katika kila shanta tieni sukari kilo moja na majani ya chai.